Sahani Zilizokanwa na Mwenyewe

Saa tisa alasiri treni ya Dar es Salaam imeshaingia Morogoro, na hoteli iliyo mkabala na stesheni imejaa. Ukumbini wasafiri wa Kizungu wanakula na kusimuliana habari za Tabora, ambako reli inaelekea. Nyuma, katika banda la bati lililo wazi upande wa milima, Mwaisha binti Kibwana anapokea vinavyorudi kutoka mezani: sahani, mabakuli, visu, uma, bilauri zenye alama za midomo.

Hatii kitu majini kikiwa na makombo. Anashika kipande cha kifuu na kukwangua sahani moja moja juu ya ndoo, mpaka mifupa, ngozi ya nyama na mchuzi ulioganda vyote vimeanguka. Kisha anazamisha sahani katika karai la maji yaliyokorogwa na udongo mwekundu, udongo uliochekechwa ukawa laini kama unga. Anazisugua kwa kumbi la nazi, anazisuuza nje, na hapo ndipo anapozipanga ndani ya mashine.

Mashine yenyewe ni pipa la shaba lenye miguu, linalomfika kifuani, na kifuniko chake ni cha mbao nzito. Ndani mna kichanja cha waya cha kusimamishia sahani, na chini ya kichanja kuna makasia madogo ya shaba. Ukizungusha mkono wa chuma ulio ubavuni, makasia hurusha maji juu na kuzipiga sahani usoni. Ilitoka Ulaya kwa meli, ikapandishwa treni Dar es Salaam, na siku iliposhushwa hapa wapagazi waliapa kwamba Mdachi mwenye hoteli ameleta pipa la kupikia pombe.

Mpishi wa hoteli, Gabrieli, mtu wa Matombo huko milimani, analeta mzigo mwingine wa sahani na kuchungulia ndani ya pipa. Anamwuliza Mwaisha, ambaye humwita dada, kwa nini ameacha nafasi kubwa hivyo, wakati sahani nyingine kumi zingeingia.

"Zingeingia," anajibu Mwaisha bila kugeuka. "Zisingetoka safi. Wewe Gabrieli ukienda mtoni unaoga umekumbatiana na watu?"

Gabrieli anacheka na kurudi jikoni.

Leo kuna kitu kingine ndani ya banda. Kwenye kona, juu ya kigoda, limekaa kapu la ukindu lililofunikwa kwa kanga kuukuu. Limeshuka kwenye treni hii hii, limetoka Ngerengere, na ndani yake zimo sahani za Bi Mwajuma binti Shomari, shangazi wa kijana aliyemuoa binti wa Mwaisha. Aliyelileta ameleta na maneno: Mama Chausiku, yaani Mwaisha, apande treni aende Ngerengere, akamwombe Bi Mwajuma radhi mbele ya watu.

Habari zimeshatembea. Kina mama wa Bigwa waliokuja mjini kuuza mboga wamejipitisha mlangoni, kila mmoja na sababu yake. Wanatazama kapu, halafu wanamtazama Mwaisha.

Mwaisha anafunika pipa, anakunja kanga yake kiunoni, na kuanza kuzungusha.

Ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyelima mahindi ya mteremkoni tangu utoto. Alizaliwa Bigwa, chini kabisa ya milima ya Uluguru, akaolewa hapo hapo, akamzaa Chausiku hapo hapo. Kabla ya reli hakuwa na sababu ya kuja mjini ila chumvi na nguo.

Kazi ya kuosha vyombo hotelini ilikuwa ya mumewe, Pazi. Pazi aliifanya tangu hoteli ilipofunguliwa, mpaka homa ilipomchukua wakati wa masika. Mwaisha alikaa eda yake yote. Ilipokwisha alivaa kanga mpya, akaja kwa miguu hadi stesheni, akamwambia mwenye hoteli, Mdachi mnene mwenye haraka, kwamba kazi ya Pazi sasa ni yake.

"Akaniuliza kama naijua mashine," anasimulia. "Nikamwambia mashine siijui, ila uchafu naujua."

Akapewa. Hulipwa rupia saba kwa mwezi na kibaba cha mchele kila siku, rupia mbili pungufu ya alizokuwa akipata mumewe kwa pipa lile lile na sahani zile zile. Hilo analisema kwa sauti ya kawaida, lakini analisema kwa kila anayeuliza, na wakati mwingine kwa asiyeuliza.

Wako watu wanaosema kuosha vyombo si kazi. Hao hawajawahi kukutana na mafuta ya nguruwe yaliyolala usiku kucha juu ya sahani katika baridi ya mwezi wa saba, upepo wa milimani ukivuma. Mafuta hayo huwa meupe na magumu kama nta. Maji baridi huyapapasa tu.

Na hayo mafuta ya nguruwe ndiyo kiini cha habari hii yote.

Mwislamu wa Bigwa, mwanamume au mwanamke, anajua tangu chuo cha Kurani kwamba chombo kilichoguswa na nguruwe hakitoharishwi kwa maji ya mara moja. Huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo saba huwa kwa udongo. Mwaisha hakuhitaji kufundishwa. Siku yake ya kwanza hotelini alifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwao angekifanya: alichota udongo mwekundu nje ya banda, konzi kwa konzi, akautia ndani ya pipa la shaba pamoja na sahani, akazungusha.

"Ilinguruma kama ng'ombe," anasema Gabrieli, ambaye hajachoka kuisimulia siku hiyo. "Halafu ikanyamaza. Tukamkuta dada amesimama, ameshika mkono wa chuma, mashine haiendi mbele wala nyuma, na tope linatoka chini."

Changarawe ilikuwa imeingia kwenye ekseli ya makasia. Sahani zilizochorwa dhahabu pembeni zilikuwa zimekwaruzwa. Mwenye hoteli alikuja mbio na leso shingoni, akasema maneno mengi ya Kidachi, na Gabrieli, aliyesoma misheni, akayafasiri kwa ufupi: mashine isipozunguka kufikia Jumapili, Mwaisha arudi Bigwa.

Mwaisha na Gabrieli wakaifungua mashine, kipande kwa kipande, wakakilaza kila kimoja juu ya gunia kwa mpangilio ule ule walioutumia kukitoa. Na huko ndani, chini kabisa, penye chujio la kuzuia makombo yasizibe bomba la kutolea maji, Mwaisha aliona jambo ambalo hakuna aliyewahi kulitazama.

Udongo wake ulikuwa kidogo. Vilivyojaa mle vilikuwa vitu vya zamani: vipande vya mifupa, majani ya kabichi yaliyogeuka meusi, nywele, na tonge la mafuta lenye ukubwa wa ngumi. Tangu mashine ishuke kwenye treni, wanaume walikuwa wakiitumia kuoshea sahani, na hakuna aliyeiosha yenyewe. Maji yalikuwa yakipita katika uozo huo, yakarushwa juu ya sahani, yakarudi chini, yakarushwa tena.

"Ndipo nikaelewa kwa nini Pazi, Mungu amrehemu, alikuwa akilalamika kwamba sahani zinatoka na utelezi," anasema Mwaisha. "Walikuwa wanaosha sahani kwa mchuzi."

Jumapili mashine ilizunguka. Na tangu hapo Mwaisha ameweka taratibu zake, ambazo sasa hakuna anayethubutu kuzigusa, hata mwenye hoteli.

Makombo hayaingii ndani ya pipa. Udongo nao hauingii. Udongo unabaki nje, katika karai, na kila chombo kinaoshwa nao kwa mkono, iwe kilibeba nguruwe au kilibeba viazi. Alipoulizwa kwa nini asitenge vya nguruwe peke yake, alisema sahani haisemi ilibeba nini, na yeye hana muda wa kuzihoji.

Sahani husimamishwa zikitazama katikati, kunakotoka maji, na hakuna inayogusa mwenzake. Vikombe huinamishwa mdomo chini ili visikusanye maji machafu. Sabuni hukwanguliwa kidogo tu, kwa kuwa ikizidi povu hulegeza maji na maji yaliyolegea hayapigi. Maji ya kwanza huwa ya moto kiasi cha kuyeyusha mafuta. Yakishazungushwa, Mwaisha hung'oa kizibo, maji yote yanakwenda mtaroni, na mengine yanaingia.

Hayo mengine ndiyo fahari yake. Nyuma ya banda unapita mfereji wa maji yatokayo Uluguru, na Mwaisha alimshawishi mwenye hoteli amruhusu kuyaleta kwa mianzi iliyopasuliwa katikati, mwanzi juu ya mwanzi, mpaka juu ya pipa. Maji huingia juu, yanapiga sahani, yanatoka chini. Hayarudi. Anajaza na kumwaga hivyo mpaka pamoja na ule udongo wa mwanzo zimetimia saba, na ya mwisho huwa ya moto tena, moto wa kuunguza, ili sahani zikauke zenyewe kwa joto lake.

Vitambaa vya kufutia alivichoma. Mwenye hoteli alipouliza viko wapi, alijibiwa kwamba ndivyo vilivyokuwa vikichafua.

Mwanzoni Mdachi alinung'unikia kuni. Baadaye wageni wakaacha kurudisha sahani jikoni, na manung'uniko yakaisha.

Lakini Bigwa hawakuwa wageni wa hoteli, na Bigwa ndiko Mwaisha anakolala.

Kila penye shughuli huko, iwe harusi, iwe msiba, wanawake huosha vyombo pamoja nyuma ya nyumba. Ndipo habari zinapopatikana. Hapo wachumba hutafutwa, magomvi yakapatanishwa, na anayejifungua karibuni akajulikana kabla hajasema. Mwanamke asiye na nafasi kwenye karai la shughuli hana nafasi kijijini, hata kama shamba lake ni kubwa kuliko yote.

Mwaka jana, kwenye arobaini ya msiba mmoja kijijini, Mwaisha alikunja kanga akachuchumaa kwenye karai kama alivyofanya maisha yake yote. Alipochukua sahani ya kwanza, jirani aliyekuwa kando yake akaitoa mkononi mwake, taratibu, bila hasira.

"Mama Chausiku," akamwambia, "wewe pumzika."

Wengine wakainama kwenye kazi zao. Hakuna aliyetaja nguruwe. Mwaisha alinyanyuka, akafuta mikono, akaenda kukaa na wazee barazani, akapewa chai, na akaambiwa akae vizuri.

"Angenitukana ningejua la kumjibu," anasema. "Mtu akikwambia pumzika unamjibu nini?"

Baada ya hapo alipumzishwa kwenye harusi mbili na msiba mmoja. Kisha Chausiku akachumbiwa na Abasi, kijana wa Ngerengere anayefanya kazi ya kufunga mabehewa, na Mwaisha akaona wazi kitakachotokea: harusi ya mwanawe wa pekee, nyumbani kwake mwenyewe, na yeye akiwa amepumzishwa.

Hapo alikwenda kwa Mwalimu Mikidadi, anayefundisha chuo cha Kurani hapo Bigwa. Alimsalimu, akakaa mkekani, akamwomba jambo moja: aje stesheni aione mashine kwa macho yake, halafu aseme hukumu, yoyote itakayokuwa.

Mwalimu alikuja siku ya Alhamisi. Walioshuhudia wanasema alikaa juu ya sanduku tupu kwa muda mrefu, akiangalia karai la udongo, mianzi, kizibo, maji yanayotoka. Aliuliza maswali mengi. Alitaka kujua kama maji yale yale hupita mara mbili. Alitaka azungushe mwenyewe, akazungusha mpaka kofia ikamteleza. Mwisho akachukua sahani iliyotoka, akapitisha kidole juu yake, na kidole kikalia kwa usafi.

Hukumu aliitoa Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini. Alisema maji saba yametimia na udongo umo ndani yake, na sheria haikuuliza kama maji yanarushwa na mkono au na gurudumu. Vyombo vile ni twahara, na mikono iliyovitoa ni twahara.

"Ambaye moyo wake bado haujaridhika," akaongeza Mwalimu, "nyuma ya nyumba yake kuna mgomba. Akate jani ale juu yake."

Bigwa ilikubali, nusu kwa sheria, nusu kwa kicheko. Mwaisha akaandaa harusi kwa sahani za hoteli zilizomeguka kingo, ambazo Mdachi alikuwa akizitupa na yeye akiziokota kwa muda mrefu. Aliziosha zote kwa utaratibu wake. Yule jirani aliyempumzisha kwenye arobaini ndiye aliyezibeba kichwani kutoka mjini.

Ngerengere haikukubali.

Bi Mwajuma ni mwanamke mwenye uwezo na mwenye kauli. Aliposikia kwamba watu wake watapakuliwa kwenye sahani zilizowahi kubeba nguruwe, alikuja harusini na kapu lake: sahani za udongo mweupe zilizochorwa maua, alizozinunua kwa Mhindi Bagamoyo alipokuwa bibi harusi. Aliingia nalo uwanjani kichwani mwa binti aliyetangulia mbele ya ngoma, ili kila mtu alione. Alisema kwa sauti ya upole kwamba wao wanakula katika vyao, wasije wakawapa taabu wenyeji.

Anayejua harusi anajua tusi hilo lina uzito gani. Mzee Dadi, kaka yake Mwaisha, ambaye kwa desturi ya Waluguru ndiye mjomba mwenye mamlaka juu ya Chausiku, alimshika dada yake mkono akamwomba anyamaze kwa ajili ya mtoto. Alinyamaza.

Siku ya kwanza walikula wanaume. Wa Bigwa walikula katika sahani za hoteli, wa Ngerengere katika sahani za maua. Usiku mvua ikanyesha milimani, na mto ukaamka umebeba tope. Mabinti wa Bi Mwajuma waliosha vyombo vyao kwa maji hayo, juu juu, wakavirudisha kapuni vikiwa na samli ya wali wa jana.

Asubuhi Mwaisha alifunua kapu. Aliangalia, akalifunika. Shughuli ya wanawake ilikuwa adhuhuri, na hizo ndizo sahani ambamo wakwe zake wangekula nyumbani kwake.

Hakuomba ruhusa. Hilo analisema mwenyewe, hana haja ya kulificha. Alimwita Gabrieli, aliyekuwa amekuja kusaidia kupika, akamtwika kapu, wakateremka nalo hadi stesheni. Wakazikwangua, wakazisugua kwa udongo, wakazipanga zikitazama katikati, maji saba. Adhuhuri haijafika kapu lilikuwa limerudi mahali pake, kanga juu.

Wanawake wakaketi mikekani. Wali ukaletwa. Bi Mwajuma akasimama mwenyewe kugawa sahani zake kwa watu wake, akafunua kapu, akashika ya juu, akaigeuza, akashika ya pili.

"Nani kabadili sahani zangu?" akauliza.

Ngoma ilikuwa bado inalia. Akauliza tena, kwa nguvu, na ngoma ikanyamaza. Alisema sahani zake zina maua ya kijani, dunia nzima inajua, ana miaka ishirini anakula katika maua ya kijani. Hizi zina maua ya buluu. Hizi si zake. Wameiba zake, wamemwekea za nguruwe.

Chausiku, aliyekuwa amefunikwa ndani kama bibi harusi apasavyo, anasema alisikia kila neno.

Ni mpwa wa Bi Mwajuma, dada yake bwana harusi, aliyeichukua sahani mkononi mwa shangazi yake na kuipindua. Chini yake palikuwa na alama tatu zilizokwaruzwa kwa msumari. Akapindua ya pili: alama tatu. Ya tatu, hivyo hivyo. Kila mtu wa ukoo ule anaijua alama hiyo, kwa kuwa Bi Mwajuma aliikwaruza kwa mkono wake ili sahani zake zisipotee shughulini.

"Shangazi," akasema yule binti, "ni zako."

Maua yalikuwa ya buluu tangu Bagamoyo. Miaka ishirini ya manjano na samli ndiyo iliyolala juu yake, tabaka juu ya tabaka, na njano juu ya buluu ikawapa kijani. Bi Mwajuma alikuwa hajawahi kuyaona maua yake tangu mwaka alioolewa.

Aliyeanza kucheka hajulikani. Wa Bigwa wanasema ni wa Ngerengere, wa Ngerengere wanasema ni wa Bigwa. Mpiga ngoma alilala chini. Bibi mmoja mzee akaomba apewe sahani ya buluu, akasema siku zake zimebaki chache na hajawahi kula penye usafi kama huo. Watu wa bwana harusi wakaanza kugombea. Zilipokwisha, walikula katika sahani za hoteli zilizomeguka, wakazipindua pindua, wakapitisha vidole, vidole vikalia.

Bi Mwajuma hakula. Aliondoka kwa treni ya jioni, bila kapu, na kapu likapelekwa baadaye na Abasi.

Baada ya chakula wanawake walikwenda nyuma ya nyumba kuosha. Mwaisha alikunja kanga. Jirani yake wa arobaini akamsogezea kigoda, akamwachia nafasi katikati ya karai, na hakuna aliyemwambia apumzike. Tangu siku hiyo hakuna shughuli Bigwa inayoanza kabla yeye hajaangalia maji, na wapo wanaomtumia vyombo mpaka kutoka ng'ambo ya mto.

Ila Ngerengere ilibaki imenuna. Mwezi mzima Bi Mwajuma amekuwa akileta ujumbe kwamba aliaibishwa mbele ya watu, kwamba sahani zake ziliguswa bila idhini yake, na kwamba anataka radhi. Leo, pamoja na ujumbe huo, ameleta kapu.

Wageni wameondoka mezani. Mwaisha amemaliza vya hoteli, vimesimama kwenye kichanja vinafuka mvuke. Anakausha mikono hewani, anakwenda kwenye kona, anafunua kanga.

Sahani za Bi Mwajuma zimo zote, na zote zimetumika. Mwaisha anainua moja kwenye mwanga wa jioni unaotoka milimani. Anawaita kina mama wa mlangoni, ambao hawangoji kuitwa mara mbili. Ukingoni mwa ua mmoja manjano yameanza kushika. Buluu inaelekea kijani.

"Mezani kwake amekosa raha," anasema mmoja wao. "Ameshaonja usafi."

Hapo anaingia Mzee Dadi, aliyesikia habari ya kapu akiwa sokoni. Mwaisha anamwambia shikamoo kaka, naye anaitikia marahaba na kukaa juu ya lile sanduku alilokalia Mwalimu. Amekuja kwa upatanishi. Anaeleza kwa upole kwamba yule ni mkubwa, kwamba kapu lenyewe ni dalili ya moyo uliolainika, kwamba mtoto wao anaishi kule na atazaa kule. Neno moja tu, dada, na yaishe.

Mwaisha anamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, huku mikono yake ikikwangua.

Anamwambia mipango yake badala ya jibu. Amezungumza na Mdachi, na Mdachi amekubali kumwachia kibanda kilicho njiani kati ya stesheni na soko. Atafungua mahali pa kula. Wali, maharage, samaki wa mtoni, chai. Gabrieli atapika siku ambazo hoteli haina wageni, naye ameshaapa mbele ya Mwalimu kwamba nyama ya nguruwe ataiacha hotelini. Wapagazi watakula, mafundi wa reli watakula, Waislamu na watu wa misheni, katika sahani zile zile. Mwalimu Mikidadi ameomba awe wa kwanza kukaa. Jirani yake wa arobaini ameomba kazi ya karai.

"Na Bi Mwajuma?" anauliza kaka yake.

Mwaisha anasimamisha sahani ya mwisho ya maua ndani ya pipa, inatazama katikati, haigusi mwenzake. Anageuza mwanzi, maji ya Uluguru yanaanguka. Anashika mkono wa chuma.

"Kaka, nakuheshimu. Kesho treni ikirudi pwani, kapu hili litapanda, na maua yake yatakuwa ya buluu. Akitaka kulileta tena, alilete kila mwezi, nitaosha mpaka nife. Akija kula kwangu nitampakulia kwa mkono wangu, sahani ya kwanza. Lakini mwambie, na aliyelileta kapu mwambie, na anayeandika habari hii aandike hivyo hivyo: nilizichukua bila ruhusa, nikaziosha, zikatakata. Radhi siombi."

Anazungusha.